Ilikuwa Bado Inaandika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio, ndoo na katazo moja: nisiguse waya wowote. Ilikuwa Makambako, kwenye duka la kuchapa barua lililokuwa karibu na pale malori ya kwenda Songea yanapoachana na ya kwenda Mbeya. Nilikuwa nimetembea kutoka Mahongole tangu alfajiri, nimevaa viatu vya dada yangu, na shule yangu ilikuwa imeishia darasa la nne. Sisemi hayo ili mnihurumie. Nasema ili mjue nilipoanzia. Nyie mnaoshika kompyuta leo mmezikuta nyembamba kama kibao cha kukatia vitunguu. Zetu zilikuwa na kisogo. Kuhamisha moja kutoka meza hii kwenda ile walitakiwa watu wawili, na ikiwashwa ilivuma kama mashine ya kusaga ya kijiji cha pili.

Meneja wa duka lile alikuwa bwana mfupi, mkali, asiyependa maneno. Aliniuliza, "Unajua kusoma?"

"Kiswahili najua."

"Hapa hakuna cha kusoma. Hapa utafuta vumbi. Vumbi halina lugha."

Nikafuta vumbi miaka miwili. Nilichojifunza nilijifunza kwa macho. Nilijua mapema kwamba kompyuta haizimwi kama taa. Unaiaga kwanza. Unafunga kazi moja moja, kisha unaiambia izime, nayo inajikusanya, inaweka vitu vyake mahali pake, ndipo inalala. Ukichomoa waya kabla haijamaliza, kesho itaamka mgonjwa. Hilo nililijua kabla sijaruhusiwa kugusa hata kitufe kimoja.

Kilichoniingiza kwenye mashine ni radi. Mtu wa Makambako au Njombe hahitaji kuelezwa. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mchana unaanza na jua, saa nane mawingu yameshafika juu ya paa, na radi inapiga kama imetumwa kwako. Msimu mmoja ilipita kwenye waya ikaunguza mashine mbili dukani, moshi ukatoka kwa nyuma na harufu ikakaa kwenye mapazia wiki nzima. Baada ya hapo Meneja akatuwekea sheria.

"Radi ya kwanza, anzeni kuzima. Ya pili, waya zote ziwe chini. Ya tatu, nikukute umesimama mlangoni."

Sasa radi ikilia, wachapaji wote walikimbilia nguo zao walizoanika nyuma. Nani alibaki ndani? Mimi. Basi kazi ya kuzima ikawa yangu, kwanza kwa kuibia, halafu kwa amri.

Hapo ndipo nilipokutana na programu isiyotaka kufa. Programu ni kazi iliyomo ndani ya mashine: moja ya kuandikia barua, moja ya hesabu, na kadhalika. Unaiambia mashine izime, zote zinafunga, moja inabaki imeng'ang'ania. Kioo kinaleta kisanduku chenye maneno ya Kiingereza na vitufe viwili, na mashine haizimi, inakutazama tu. Mara ya kwanza nilimwita mchapaji mkubwa, dada mmoja wa Ilembula aliyekuwa na kucha ndefu.

"Dada, hii inasemaje?"

Hata hakuinama kusoma. "Inasema haitaki."

"Haitaki nini?"

"Haitaki kufa. Kwani wewe ungetaka? Njoo nikuonyeshe vidole vitatu."

Vidole vitatu ni vile vitufe vya Kontrol, Alti na Dileti, unavibonyeza kwa pamoja. Inakuja orodha ya programu zote zilizo hai. Unaichagua ile mkaidi, unabonyeza kitufe cha kuimaliza, inakwenda. Kitufe kile nilikijua kwa umbo la maneno yake, kama unavyomjua ng'ombe wako kwa pembe. Sikujua yanasomekaje. Nilijua yanaua.

Na kweli, mara nyingi ilikuwa sawa. Mara nyingi programu ile imeganda, haiendi mbele wala nyuma, na hakuna dawa nyingine. Fundi yeyote atakwambia hivyo. Ila dada yule alinifundisha kuua, hakunifundisha kuuliza, nami sikuuliza kwa miaka zaidi ya kumi.

Duka lilipofungwa nilihamia Njombe mjini, nikawa mhudumu wa ofisi katika shule ya sekondari. Chai, usafi, kupeleka mafaili. Mkuu wa Shule alikuwa mzee mpole mwenye hasira kwa kitu kimoja tu, nacho ni kompyuta yake. Kila Ijumaa ilimgomea kuzima, naye aliipiga kibao cha ubavuni kama punda. Siku moja nilikuwa nakusanya vikombe, nikamwambia, "Mwalimu, niruhusu." Nikaweka vidole vitatu. Ikazima. Alinitazama kama nimetoa jini.

"Nani amekufundisha?"

"Radi."

Tangu siku hiyo ilikuwa, "Mwiteni mama aje aiue hii kitu, nataka kwenda nyumbani." Walimu wenye shahada walinisubiri mimi. Nilijisikia. Siwezi kuficha hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kutoka shuleni nilichukuliwa na ofisi ndogo ya msaada wa sheria, hapa hapa Njombe. Jina lake sitalitaja, na ilishafungwa. Ilisaidia wajane na wazee wenye kesi za ardhi. Tulikuwa watu wanne tu wa kudumu. Mratibu, ndiye mkubwa wetu, mama mrefu aliyekuja kutoka pwani na kuvaa makoti mawili mwezi wa sita. Mwanasheria, ambaye nusu ya wiki alikuwa barazani, kwenye baraza la ardhi. Karani, mwanaume wa Tabora, mwenye vidole vyepesi, asiyejua neno la Kibena zaidi ya salamu ya kamwene. Na mimi, mhudumu.

Wateja wetu wazee wengi walikuwa Wabena ambao Kiswahili chao ni cha sokoni. Akija mzee kutoa maelezo, mimi naacha chai, nakaa katikati. Yeye anasema Kibena, mimi nageuza Kiswahili, Karani anachapa. Kwa hiyo nilikuwa mfagizi, mkalimani, na mzimaji wa mashine. Mratibu alinipa cheo kwenye kikao, mbele ya wageni, akaniita Msimamizi wa Mashine. Akasema, "Mama huyu hajui Kiingereza, lakini kompyuta zinamwogopa." Watu wakacheka kwa wema. Nilirudi nyumbani Mjimwema nikiwa natembea katikati ya barabara.

Ofisi ile haikuandika maelezo kwenye karatasi. Mratibu alikataza. Alisema kuandika kwa mkono kisha kuchapa ni kufanya kazi mara mbili, na karatasi zinapotea. Kila kitu kiliingia moja kwa moja kwenye programu tuliyotengenezewa na fundi mmoja wa Makambako. Ilikuwa kama daftari moja kubwa: kila mteja ana ukurasa wake humo. Ukimaliza unabonyeza kuhifadhi, unachapisha karatasi, shahidi anaweka saini au dole gumba, inakwenda barazani.

Sasa niwaambie habari ya mzee Lameki.

Alikuja siku ya Jumanne, msimu wa mvua, kutoka Matembwe, ameongozana na mkwewe, mama Faraja. Mama huyu alikuwa mjane wa mwaka wa pili. Yeye na marehemu mumewe walipanda misindano, miti ya mbao hiyo, tangu Faraja hajazaliwa, na sasa ilikuwa imefika kimo cha kukatwa. Mnajua huku kwetu mti unasubiriwa kama mtoto anavyosubiriwa amalize shule. Ilipofika tu, wakatokea mashemeji zake wawili wakasema shamba ni la ukoo, mwanamke aliyeolewa hana mti. Hati hakuna. Mashahidi wa kugawiwa walikuwa wamekufa. Aliyebaki ni mzee Lameki, baba yao wote, ambaye ndiye aliyegawa. Kesi nzima ya mama Faraja ilikaa kwenye mdomo wa mzee mmoja.

Mwanasheria alimwambia mama Faraja asubiri nje kwenye benchi, maana mwenye kesi haruhusiwi kusikiliza shahidi wake akitoa maelezo. Akatoka. Mzee Lameki akakaa mbele ya Karani, fimbo katikati ya magoti, akasema. Hakusitasita. Alitaja mwaka alioligawa, akataja mipaka alama kwa alama, akataja mashamba aliyowapa wale wawili wengine ili watu wajue hakuna aliyenyimwa. Akasema na mengine juu ya mkwewe. Nilikuwa nageuza taratibu, Karani anachapa, na hata Karani, mtu asiye na machozi, alisimama mara moja akafuta miwani.

Alipomaliza akaniambia kwa Kibena, "Mwambie nimesema. Sisemi tena. Baba akigawa mara mbili, mara ya kwanza alikuwa anadanganya."

Nikamwambia Karani. Karani akasema, "Mwambie sawa, bado dole gumba tu."

Hapo printa ikaishiwa wino. Saa saba na nusu. Gari la Matembwe linaondoka saa nane, na mzee akilikosa atalala wapi na ugonjwa wake wa kifua? Mwanasheria akaamua: waende, karatasi itachapishwa, tutaifikisha wenyewe Matembwe wiki hiyo hiyo akaweke dole. Karani akabonyeza kuhifadhi, akavaa koti, akatoka nao kuwasindikiza stendi na kutafuta wino madukani. Mwanasheria naye akaenda barazani. Mratibu alikuwa Makambako kwenye mkutano. Nikabaki peke yangu na mashine tatu.

Radi ya kwanza ililia hata hawajafika kwenye kona.

Nikazima ya kwanza. Nikazima ya pili. Ya tatu, ya Karani, ikaleta kisanduku. Lile daftari halikutaka kufunga. Kwenye boksi la mashine, mbele, kuna taa ndogo nyekundu, nayo ilikuwa inapepesa haraka haraka. Niliiona. Nikadhani ni radi inacheza na umeme. Nikangoja nikihesabu hadi kumi. Radi ya pili ikapiga karibu, vioo vya madirisha vikalia, nikaona moshi wa Makambako mbele ya macho yangu. Nikaweka vidole vitatu. Orodha ikaja. Nikaichagua. Nikaimaliza. Mashine ikazima vizuri kabisa, nikachomoa waya wote, nikasimama mlangoni nikitazama mvua, moyo wangu umetulia. Baada ya robo saa umeme ukakatika Njombe nzima, nikajisemea, unaona?

Kesho yake asubuhi Karani aliwasha, akafungua daftari, akapekua, akapekua tena. Kisha akageuza kiti.

"Mama, ukurasa wa mzee Lameki haupo."

"Haupo vipi?"

"Haupo. Daftari limekatika katikati. Jana wewe ndiye uliyezima hii?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nikasema, "Umeme ulikatika."

"Ulikatika kabla hujaizima, au baada?"

"Kabla."

Neno moja hilo. Sikulipanga. Lilitoka kama mtu anavyoinua mkono akirushiwa jiwe. Nilikuwa mama mtu mzima, mzee wa kanisa ananijua, wajukuu watatu nyumbani wanakula kwa kazi ile, na cheo nilichopewa mbele ya wageni. Na huku kwetu hakuna anayeuliza mara mbili ukisema umeme. Umeme unabeba lawama za kila mtu, na haujawahi kujitetea.

Mratibu aliporudi, Karani akampigia simu Fundi. Fundi akauliza swali lile lile: umeme ulikatika ikiwa wazi? Akajibiwa ndiyo. Akasema, "Basi msihangaike. Ile niliitengeneza kwa ajili ya umeme wa huko. Ukikatika ghafla, inaacha nakala pembeni. Msiiwashe tena, nitakuja niitoe mwenyewe." Ila alikuwa na kazi Songea, atapita akirudi.

Mwanasheria akasema, "Au tumfuate tu mzee aseme tena?"

Mratibu akaniangalia mimi. "Mama, unawajua wazee wa huku. Atakubali?"

Nikasema, "Alisema hasemi mara mbili."

Ilikuwa kweli. Huo ndio ubaya wake, nilijificha nyuma ya neno la kweli. Mratibu akasema, "Na barabara ya Matembwe sasa hivi ni tope tupu. Tusimsumbue mzee wa watu kwa kitu ambacho Fundi atakitoa kwa dakika tano. Tumngoje."

Tukamngoja Fundi wiki tatu. Kila asubuhi nilikuja na nia ya kusema. Nilikuwa napanga nikishaweka chai, nitasema. Nikishaweka chai naona Karani anacheka na jambo lake, nasema nikishaosha vikombe. Wiki ya pili mama Faraja alipiga simu, Karani akamwambia hakuna shaka, karatasi inakuja. Nilikuwa nafuta dirisha. Niliendelea kufuta mahali palipokuwa pasafi.

Fundi alifika Alhamisi, na begi lake mgongoni, matope hadi magotini. Akaiwasha mashine, akatafuta pale pembeni. Akatafuta tena. Akaacha kupiga mluzi. Kumbe programu ile ilikuwa na kitabu chake cha siri, inaandika humo saa iliyofunguliwa, saa iliyofungwa, na imefungwaje. Akasoma, akageuka.

"Hii haikufa kwa umeme. Hii imechinjwa kwa mkono, saa nane kasoro dakika kumi na mbili."

Wote wakanitazama kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kutazama.

Nikasema, "Ni mimi. Ilikuwa inagoma kuzima."

"Ilikuwa haigomi, mama," akasema Fundi, na alisema kwa upole, afadhali angenitukana. Akaifanya mashine ilete kile kisanduku, akanisomea kwa Kiswahili, kidole chake kikifuata mstari. "Inasema: Subiri. Bado naandika kazi yako. Ukinifunga sasa, itapotea."

Miaka zaidi ya kumi nimekiona kisanduku kile, mara mia, mara mia mbili, na sikuwahi kusomewa hadi siku ile.

Akanieleza, nami nawaeleza nyie. Daftari lile lilikuwa kubwa na mashine ilikuwa imezeeka. Kila ukibonyeza kuhifadhi, lilijiandika upya lote kutoka ukurasa wa kwanza, na ukurasa mpya ndio wa mwisho kabisa. Dakika kadhaa. Ile taa nyekundu inayopepesa ndiyo mkono wa mashine ukiandika. Taa ikipepesa, iache, hata paa likianguka. Taa ikitulia tuli na kioo kimeganda, hapo ndipo utumie vidole vitatu. Na ukiimaliza kwa mkono haiachi nakala pembeni, kwa sababu inadhani mwenye nayo ameamua. Fundi akarudisha kurasa zote kutoka kwenye nakala iliyowekwa Ijumaa, kabla mzee hajaja. Wa Jumanne haukuwemo.

Mratibu hakunipigia kelele. Alisema, "Ungeniambia siku ile ile, mama, ningetuma pikipiki jioni ile ile." Akachukua simu kututafutia gari la Matembwe.

Tulikwenda Matembwe kesho yake, Karani na mimi, kwa gari la kukodi lililokwama mara mbili. Tulimkuta mzee Lameki ameketi uani kwenye mkeka, ameegemezwa na mito. Upande wake wa kuume ulikuwa umekufa. Kiharusi kilimpiga Jumamosi, siku sita kabla hatujafika. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alinitambua. Alifungua mdomo, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake, akajaribu tena, na tena, hadi mate yakamshuka, na mama Faraja akamfuta na kumwambia, "Basi, baba. Basi."

Siku sita. Nilikuwa nazo ishirini na moja, nikazitumia kufuta madirisha.

Mwanasheria hakukata tamaa. Alisema nipo mimi, mkalimani, niliyesikia kila kitu kutoka mdomoni mwa mzee mwenyewe, nikasimame barazani niseme. Nilisimama. Nilisema yote, kuanzia mwaka hadi mpaka wa mwisho. Mwenyekiti wa baraza alikuwa anaandika, anatikisa kichwa. Kisha akampa nafasi shemeji mkubwa.

Alisimama polepole, mtu mnene, mwenye kofia mkononi. Habari za ofisini kwetu zilikuwa zimeshamfikia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Huyo mzee akisema hayo, yaliandikwa?"

"Yaliandikwa."

"Yako wapi?"

"Yalipotea. Nilizima mashine."

"Na wenzako ofisini walipokuuliza, uliwaambia nini?"

Nikaikazia macho kofia yake.

"Bibi, hapa ni barazani. Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia umeme ulikatika."

"Ulikuwa umekatika?"

"Hapana. Bado."

Akamgeukia Mwenyekiti. "Shahidi wao wiki tatu alisema umeme. Leo anasema si umeme. Mheshimiwa, tungoje mwezi ujao, labda atasema ni nyani." Watu wakacheka, na Mwenyekiti mwenyewe akainamisha uso. Wakamleta mzee Lameki amebebwa, wakamuuliza shamba ni la nani. Akainua mkono wa kushoto, ukatetemeka, haukuelekea popote. Shemeji akasema, "Anatuonyesha sisi." Mama Faraja akasema, "Ananionyesha mimi." Mwenyekiti akaandika kwamba shahidi hakuweza kueleza.

Shamba likaenda kwa ukoo. Mzee Lameki alizikwa mwezi wa nne, na mwezi wa sita misumeno ya mashine ikaingia.

Mimi sikufukuzwa. Mngependa kusikia nilifukuzwa, nami ningependa. Nilikaa miaka mingine miwili, nikifuta vumbi, na kuzima mashine walipewa wengine. Siku ya kustaafu walinipa blanketi na cheti, Mratibu akasoma maneno kwamba nilikuwa mwaminifu. Nilikunja cheti kile mara nne hapo hapo nikiwa nimesimama.

Wajukuu na wengine mnaoshika kazi hizi huniuliza nini cha kuzingatia. Nawaambia: kitu kikikuomba usubiri, jua kwanza kinafanya nini. Usijivunie kuua usichokisoma. Na ukiharibu, sema kabla chai haijapoa, kwa sababu anayengoja nje hajui kwamba muda unakwenda. Nawaambia hivyo, wanaitikia, kisha wanarudi kwenye simu zao. Sitegemei kitu.

Nilipostaafu nilikwenda Matembwe peke yangu. Mama Faraja nilimkuta shambani kule kule, anaokota matawi yaliyoachwa na wakataji, ya kupikia.

"Kamwene."

"Kamwene. Umefuata nini?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Miti imeshaondoka."

"Najua."

"Sasa msamaha nitaupanda wapi?"

Akafunga mzigo wake, akaukalia. Akasema, "Mipaka naijua, nimeipalilia. Siku ile nilikuwa nje kwenye benchi. Alisema nini juu yangu?"

Nikamwambia kwa Kibena, kama mzee alivyosema. Alikuwa amesema mambo matatu juu yake, moja baada ya jingine, na kila moja aligonga fimbo chini. Mama Faraja alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Tena." Nikarudia. Hakunikaribisha nyumbani, lakini nilipoondoka aliniuliza nitakuja lini.

Nimekuwa nikienda kila baada ya mavuno. Tunakaa, nasema, anasikiliza, naondoka. Msamaha hatujautaja tena.

Mwaka huu nilikwenda nikiwa na mkongojo. Nikasema la kwanza, kwamba huyu ndiye aliyemwosha mwanangu alipokuwa mgonjwa ananuka na ndugu zake wamekaa mbali. Nikasema la pili, kwamba njaa ilipoingia alinipa mimi kwanza ndipo akawapa watoto. Nikafungua mdomo kusema la tatu, na halikuwepo. Nilitafuta. Niliiona fimbo ikigonga sakafu, nikamwona Karani akifuta miwani, nikaona midomo ya mzee ikifunguka. Sikusikia kitu.

"La tatu," akasema mama Faraja.

"Linakuja."

Akasubiri. Hakunihimiza. Aliketi hivyo, mikono magotini, hadi gari la mwisho la Njombe likapiga honi kule barabarani, nami nikanyanyuka nikaondoka sijalisema.